Mtoto akitapika kwenye daladala, nani ashike tambara?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Tabata Segerea, nina watoto wawili. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala la kwenda Kariakoo na mwanangu wa miaka mitatu na nusu, mdogo wake wa miezi saba nimembeba mgongoni. Tulipofika Buguruni yule mkubwa akatapika ghafla, sakafuni na kidogo kwenye kiatu cha abiria. Konda akaniambia nisafishe au nishuke. Abiria wakaanza kubishana, wengine wanasema ni kazi ya konda, wengine wanasema mwenye mtoto asafishe mwenyewe. Nikafuta kwa kanga yangu huku machozi yananitoka. Jumapili tukaenda kula mgahawani Mikocheni, mtoto yule yule akamwaga juisi ya ukwaju na sahani ya wali. Nilipoinama kuokota, mume wangu akasema niache, kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo. Nani hasa anapaswa kusafisha? Na mtoto mwenyewe nimfundishe, au bado mdogo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimekuwa afisa afya kwenye kata za jiji hili kwa miaka mingi, na siku hizi nafundisha walezi wa vituo vya watoto wa mchana, kwa hiyo swali lako nimekutana nalo kwa sura nyingi. Msimamo wangu ni huu: mtu mzima aliyekuja na mtoto ndiye anayeanza, mwenye eneo ndiye anayetoa vifaa na kumalizia, na mtoto anashiriki kadiri ya umri wake pale alipomwaga kitu. Pale alipougua hashiriki kabisa.

Lakini kwenye daladala ile kuna jambo lililotangulia sakafu, nalo ni mtoto. Anayetapika anaweza kupaliwa. Anatakiwa ainamishwe mbele kidogo, ashikwe paji la uso, aachwe amalize, kisha asukutue kwa maji na afutwe uso. Umguse shingo na tumbo uone kama ana joto. Hizo ni dakika mbili tatu za mtoto peke yake, na hakuna mtu ndani ya gari mwenye haki ya kukuambia uziache ukafute mpira wa sakafu. Konda alipokupa amri ukiwa na mtoto mgongoni na mwingine mikononi, alikutaka ufanye kazi ambayo mikono yako isingeweza. Hapo ndipo alipokosea. Kukutaka ushiriki kusafisha hakukuwa kosa.

Kwa nini nasema mzazi aanze? Si kwamba ametenda kosa. Mtoto wa miaka mitatu hapangi kutapika, na hata Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kwa lolote. Mzazi anaanza kwa sababu ndiye aliye karibu, ndiye anayejua mtoto alikula nini na kama alishinda na homa, na ndiye anayeweza kumwambia konda, "Huyu ni gari tu linamsumbua," au, "Huyu anaharisha tangu jana, tafadhali pitisha dawa hapa." Taarifa hiyo ina thamani kuliko kanga yako. Halafu kuna heshima. Mtu aliyechafuliwa kiatu akiona mzazi amegeuka, ameomba radhi, amenyoosha mkono na tishu, hasira nyingi huishia hapo. Akiona mzazi anaangalia dirishani, gari zima linachafuka mdomo.

Sasa konda. Ukishuka Gerezani, pale Kariakoo, wewe unaenda zako, lakini gari linageuza na kupakia watu wengine, wakiwemo wajawazito na watoto wa kliniki. Kanga ya abiria haiwezi kulirudisha gari lile kwenye hali ya kupakia watu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtaka mwenye eneo aliweke katika hali isiyodhuru afya za watu, na kwa akili ya kawaida tu, chombo cha kulipiwa nauli hakitegemei nguo ya abiria kiwe safi. Daladala nyingi hubeba dumu la maji kwa ajili ya rejeta. Magazeti ya jana hayakosekani kituoni. Mchanga mkavu upo pembeni mwa barabara yoyote ya Dar. Konda akiweka chini ya siti kopo la mchanga, tambara, kipande cha boksi gumu na chupa ndogo ya jiki, shughuli nzima inakwisha kabla foleni ya Buguruni haijasogea.

Niwaeleze na namna ya kusafisha matapishi, kwa sababu hapa wengi hukosea na kueneza ugonjwa wakidhani wanausafisha. Kosa la kwanza ni kumwagia maji. Maji yanarusha matone, yanapenya chini ya siti, yanasambaa hadi miguuni mwa watu wa nyuma. Anza kwa kufunika: mchanga, majivu au magazeti mawili matatu yanyonye majimaji. Kisha chukua kipande cha boksi, zoa ukianzia pembeni kuja katikati, ili eneo lisipanuke. Ulichozoa kitie kwenye chombo kinachofungika. Ndipo uoshe kwa maji na sabuni, na mwisho upitishe jiki. Ile ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5, soma lebo, unachanganya kopo moja kwa makopo sita ya maji, unaiacha juu ya sehemu ile kwa dakika 10 madirisha yakiwa wazi, kisha unasuuza. Siti ya kitambaa usiitie jiki, itababuka rangi. Hiyo ni sabuni na jua. Usichanganye jiki na dawa ya chooni yenye tindikali hata siku moja, inatoa hewa yenye sumu. Na kama ni mkojo, suuza kwa maji mengi kwanza kabla ya jiki, maana vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

Utaratibu huu unaonekana mrefu kwa tapishi la mtoto mmoja, lakini macho hayawezi kutofautisha tapishi la kichefuchefu cha safari na tapishi la mtoto mwenye virusi. Kuna virusi vinaitwa noro ambavyo chembe chache sana zinatosha kumlaza mtu mzima, na matone ya matapishi huruka hatua kadhaa. Virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto, tuna chanjo yake hapa nchini tangu 2013, watoto wanaipata wakiwa na wiki 6 na wiki 10, lakini chanjo inapunguza ukali, haifuti kirusi kwenye sakafu. Na sisi wa Dar hatuna ruhusa ya kusahau Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia kwenye mitaa yetu kikaenda mikoa mingi. Tena kuna imani bado naikuta kwa akina mama na hata akina bibi, kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu. Si kweli. Kinabeba vijidudu kama cha mtu mzima, na mara nyingine zaidi, kwa sababu watoto ndio wanaougua kuhara mara kwa mara. Kifutwe, kitupwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Abiria nao wana sehemu yao. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ndani ya gari lile wazazi walikuwemo wengi. Mmoja angekupokea mtoto wa mgongoni, mwingine angetoa chupa ya maji, wa dirishani angefungua kioo. Hakuna aliyehitaji kushika tambara. Walitumia pumzi zao kubishana nani mwenye kazi huku wewe ukiwa peke yako chini, na hilo limeniuma kuliko maneno ya konda. Kwa yule wa kiatu, radhi na maji vilitosha. Angekuwa amechafuliwa suti au gauni la kazini, ningekushauri umpe hela ya dobi kama unayo, au angalau umuulize.

Kwenye mwendokasi mambo ni tofauti kidogo. Gari limejaa watu wamesimama, linafunga breki, na kuinama na mtoto mgongoni ni kuomba kukanyagwa. Shuka kituo kinachofuata, mwambie mhudumu wa kituo ni basi gani na mlango upi, umhudumie mtoto pale jukwaani. Umetimiza wajibu wako.

Tuje kwa mume wako, na nitasema naye kwa heshima. Baba, umesema nusu ya kweli. Mhudumu wa mgahawa analipwa kupiga deki, ana ndoo na dekio, anajua marumaru zile zinateleza vipi zikilowa. Mzazi akianza kuhangaika na tishu kumi kwenye juisi anaipaka tu sakafuni, na nyuma yake anakuja mhudumu mwingine na trei ya supu. Kwa hiyo deki ni yao, kweli kabisa.

Ila kuna kazi iliyo kabla ya deki, na hiyo ni ya meza yenu. Okoteni sahani, kijiko na matonge makubwa ya wali muyarudishe kwenye sahani moja. Futeni kiti na meza ambavyo mtoto amevipaka. Mwiteni mhudumu, mwambieni, "Dada, samahani, tumemwaga hapa," na mmoja wenu asimame kando ya pale palipolowa mpaka aje, mtu asiteleze. Glasi ikivunjika, kazi yenu ni moja tu: mnyanyueni mtoto, msimweke chini. Vipande vina mwenye ufagio. Mhudumu akimaliza, mshukuruni mbele ya mtoto.

Na swali langu kwako baba ni hili: kwa nini aliyeinama awe mama, na anayetoa ushauri awe wewe uliyekaa? Mtoto ni wa wote wawili. Siku nyingine mama amshike mtoto, wewe uokote wali. Mwanao wa kiume au wa kike akikuona umeinama mara moja tu mgahawani, utakuwa umemfundisha jambo ambalo mimi siwezi kumfundisha kwa semina.

Hapa ndipo ninapojali zaidi, niruhusuni nikae kidogo. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa kwenye taasisi ya utafiti huko Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba watoto wa mwaka mmoja na nusu humsaidia mtu mzima wasiyemjua kuokota kitu kilichomdondoka, bila kuombwa na bila kupewa chochote. Kila mama wa uswahilini anajua hili, maana ukianza kufagia tu mtoto anataka ufagio. Hamu hiyo mtoto anazaliwa nayo. Sisi ndio tunaoiua. Na hapa mjini tunaiua kwa njia moja mahususi: tunamfundisha mtoto kwamba uchafu wake una mtu maalumu, na mtu huyo siku zote ni yule aliye chini yetu kwa kipato.

Tazama sherehe yoyote ya kuzaliwa mtoto. Keki inadondoka, soda inamwagika, na mama anageuza shingo tu kumtafuta dada wa kazi. Dada mwenyewe hajala, amembeba mdogo, anaacha sahani yake anakuja kupiga magoti. Mtoto wa miaka minne anaendelea kucheza pale pale, anakanyaga tambara. Hakuna aliyemtukana dada, hakuna aliyefanya ukatili, na bado mtoto yule ameshapata somo kamili kuhusu nani huinama na nani huinamiwa. Baada ya miaka kumi tunashangaa anavyomjibu mlinzi wa shule. Dada wa kazi asafishe nyumbani kwenye ratiba yake ya kazi. Mkiwa nje, mzazi aliyepo ndiye mwenye mtoto.

Kwa mama ntilie hali inageuka kabisa. Pale hakuna mhudumu wa deki. Ni yeye, jiko lake, benchi mbili, na maji aliyonunua kwa ndoo. Mtoto akimwaga mchuzi, omba ufagio na tambara, maliza wewe, na ukiweza mlipie ndoo ya maji uliyotumia. Zahanati na hospitalini ni kinyume chake: mwambie muuguzi na usiguse, hasa kama kuna damu au kuhara, kwa sababu wana utaratibu wao wa kuzuia maambukizi na wewe huna glavu. Msikitini mtoto akikojoa, mjulishe mhudumu mara moja, wala usifiche kwa kukalia. Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii na wanajua kwamba mtoto mchanga wa kiume ambaye hajaanza kula chakula, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji. Akishaanza uji, panaoshwa.

Ufukweni nina ugomvi wa siku nyingi na wazazi wenzangu. Pampasi inayofukiwa mchangani pale Coco Beach haijasafishwa, imefichwa tu, na maji yakijaa inaibuka mbele ya mtoto wa mwenzako anayechimba kwa mikono. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kutupa taka ovyo, na pampasi haikupewa msamaha. Najua ugumu: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ile ya kuwekea pampasi chafu haipo tena, na mifuko hii mbadala inavuja. Mimi nawaambia akina mama wabebe kopo kubwa lenye mfuniko wa kubana, mfano lile la aiskrimu. Linaingia pampasi mbili zilizokunjwa, halitoi harufu, linaoshwa nyumbani. Kopo hilo hilo ndilo lingekuokoa Buguruni, kwa sababu mtoto angetapikia humo.

Sasa mtoto mwenyewe. Miaka mitatu na nusu si mdogo kwa juisi, ni mdogo kwa matapishi. Juisi ikimwagika, mpe tambara dogo, mwonyeshe sehemu ndogo, "Futa hapa, mimi nafuta pale." Sauti ya kawaida. Usianze na "Unaona sasa!" Hatafuta vizuri, ataisambaza zaidi, na wewe utapitia nyuma yake bila kumwonyesha kwamba unarudia. Kufikia miaka mitano au sita ataweza kwenda mwenyewe kumwambia mhudumu "samahani, nimemwaga," na hilo neno la mdomoni mwake lina uzito kuliko kufuta. Usimlipe pipi kwa kufuta. Watafiti wale wale mwaka 2008 waliona kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia, walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Ahsante yako inatosha.

Matapishi, mkojo na kinyesi ni habari nyingine. Watoto wengi huacha kujikojolea mchana kati ya miaka miwili na minne, na ajali za hapa na pale mpaka mitano ni kawaida kabisa. Mtoto aliyetapika au kujikojolea mbele za watu tayari ameogopa, mwili wake umemfanyia jambo asilolielewa. Kumlazimisha ashike tambara pale, watu wanamtazama, ni kumwaibisha, na mtoto mwenye aibu hujizuia haja mpaka anapata tatizo jingine. Mhamishe, mvalishe nguo kavu, mwambie, "Umetapika, imekwisha, tunasafisha." Nyumbani anaweza kukusaidia kuweka nguo kwenye beseni kama anataka.

Kuhusu safari zijazo: kichefuchefu cha gari huwapata sana watoto wa kati ya miaka 2 na 12, kwa kuwa macho yanaona siti iliyotulia huku masikio ya ndani yanahisi gari linayumba. Foleni ya kusimama na kuondoka inazidisha. Mkalishe mbele, dirishani, aangalie mbali nje, na simu yenye katuni ibaki kwenye pochi. Kabla ya safari mpe kitu kikavu kidogo, mkate au biskuti, maziwa yasubiri mkifika. Akianza kupiga miayo, kutoa jasho au kunyamaza ghafla, mfungulie kopo hapo hapo. Na unapopanda mwambie konda mapema, "Kaka, huyu gari humsumbua, naomba siti ya mbele." Wengi wao wana watoto nyumbani, na konda aliyeambiwa kabla ya safari huwa mtu tofauti na konda aliyeshtukizwa.

Mtoto akitapika tena akiwa nyumbani, mbali na gari, au akiwa na homa au kuhara, hilo si la safari. Mpe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kijiko kimoja kimoja na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.